Mikono Nyuma ya Pazia

Watu wa mtaa wa Mkomani, kisiwani Amu, walimshangaa Saadiya. Mwanamke amefiwa na mwanawe wa pekee kwa mkono wa Daktari Pelham, na bado kila asubuhi anajifunika buibui kwenda kumfanyia kazi daktari yule yule. Wengine wakasema kalishwa kitu. Wapi! Saadiya alikuwa na akili zake timamu, na chuki yake ilikuwa timamu zaidi.

Daktari alifika Amu na jambo moja kichwani. Aliamini kwamba mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayowachoma watu wazima mbavuni, na tetekuwanga ya watoto ni ugonjwa mmoja, wa kijidudu kimoja kidogo hata darubini haikioni. Akachukua maji ya malengelenge ya mgonjwa wa mkanda, akamchanja Fadhil, mtoto wa Saadiya, aliyekuwa hajapona vizuri homa. Mama mtu aliambiwa ni chanjo ya ndui. Tetekuwanga ikamtoka mtoto mwili mzima, ikamshuka kifuani, akafa. Daktari alitoa pole, kisha akashindwa kujizuia.

"Lakini tumepata ushahidi, Bi Saadiya," alisema.

Neno hilo Saadiya alilimeza likamkaa.

Alingoja miaka mitatu. Mwaka wa 1912 wakaja kutoka Mombasa madaktari wawili kuliona jambo hilo kwa macho yao, na Pelham akahitaji watoto ambao hawajawahi kuugua tetekuwanga. Kwa hesabu zake, wasichana waliotawishwa ndio hasa, maana hawatoki nje wala hawachanganyiki na watu. Hakukumbuka kwamba kabla ya kutawishwa walicheza vichochoroni na kuambukizana kila kitu kama watoto wengine. Alimtuma Saadiya, kwa kuwa mwanamume hapiti ndani kwa watu.

Saadiya alizunguka nyumba hadi nyumba, akawachagua waliougua zamani tu. Daktari mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba aliyeugua mara moja haugui tena. Wasingedhurika, na yeye hakutaka mama mwingine alie.

"Hawayapata kuugua kamwe, Bwana," alimwambia. "Wallahi."

Siku ya kuchanja, wasichana waliketi nyuma ya pazia, wakatoa mkono mmoja mmoja. Makovu ya usoni na mgongoni hakuna mgeni aliyeyaona. Maji yalitoka kwa Mzee Barka, aliyekuwa akiugulia mkanda. Mgeni mmoja mwenye mvi, mkazi wa Mombasa wa miaka mingi, aliuliza kwa Kiswahili safi, "Na yule mtoto wa kwanza, hali yake?"

"Alipona," alijibu Pelham bila kumtazama Saadiya. "Anacheza tu."

Saadiya alishika pazia. Laiti angekuwa na kisu siku ile, hadithi hii ingekuwa fupi zaidi.

Wageni wakangoja. Wiki zikapita na mikono ikabaki laini, hakuna hata kipele. Yule mwenye mvi alisema kwa upole kwamba huenda mtoto wa kwanza aliambukizwa mitaani tu, na wenzake Ulaya wataarifiwa hivyo. Kazi yote ya Pelham ikaanguka. Alimfuata Saadiya ukumbini, jasho likimtiririka.

"Ulinidanganya. Walishaugua."

"Walishaugua, Bwana. Nawe ulinambia ni ndui."

"Waambie ukweli. Waambie sasa hivi."

"Waambie wewe. Lakini watakuuliza mbona nikakudanganya."

Milango ilikuwa wazi na wageni wanafunga mizigo hatua chache tu. Saadiya alisubiri. Alikuwa amejiapia jambo moja: Pelham akimtaja Fadhil, akisema mbele ya wageni kwamba mtoto alikufa, yeye naye angelifungua pazia kwa ruhusa ya mama za wasichana, makovu yaonekane, na kazi ya mtu iinuke tena. Pelham aliingia kwa wageni. Saadiya alimsikia akikohoa, kisha akiwatakia wageni safari njema.

Basi akavaa buibui lake akaenda makaburini, kumweleza mwanawe kwamba kisasi kimekamilika, na akalia kuliko siku ya maziko.