Pete ya Mguuni

Wakoli, fundi wa kurekodi muziki, alinieleza mara tatu, na mara zote nikatoka kapa. Kwamba sauti ya nyatiti, kile kinubi cha Kiluo, ya marehemu baba angeikata kwenye kompyuta vipande sitini na vinne, kila kimoja kifupi kuliko kupepesa jicho, avipange kwenye jedwali, kisha jedwali lihifadhiwe kwenye disketi liende kwenye kompyuta ya kanisa. Huko mpiga kinanda angebonyeza tenzi yoyote na itoke kwa sauti ya baba, hata zile ambazo baba hakuwahi kuzipiga. Sasa mtu aliyezikwa kwetu Ugenya miaka miwili iliyopita anajifunzaje wimbo mpya? Mimi ni karani wa kanjo, pale ofisi za baraza la jiji. Kompyuta naijulia kuchapa barua tu.

Nilikubali kwa ajili ya mama. Jumapili ilikuwa ibada ya kumkumbuka baba, na nyatiti yenyewe baba zangu wadogo waliichukua siku ya matanga, wakisema ni mali ya wanaume wa ukoo. Tulibaki na kaseti moja inayokwaruza. “Nataka nimsikie mara moja tu, Awiti,” mama aliniambia, “halafu nitatulia.”

Basi Jumamosi mchana nikampeleka mtaa wa Ziwani kwa Wakoli, asikilize kabla disketi haijaenda kanisani. Wakoli akabonyeza. Ikatoka sauti safi, laini, kama kengele ya mlango wa matajiri.

Mama akainamisha kichwa. “Huyu ni nani?”

“Ni mzee, Mama.”

“Nimekaa na Obura miaka thelathini na minane. Huyu simjui.”

Wakoli aliumia, ilionekana. “Nimemsafisha wiki nzima, Mama. Kulikuwa na kelele nyuma ya nyuzi, ko, ko, ko, chuma kinagonga ubao. Nimeitoa yote.”

Nilitaka kumzaba kofi, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi nilimsifu kwa usafi huo.

Mama alifungua fundo la leso, akatoa pete nene ya chuma. Ilikuwa ile ya baba, aliyoivaa kidole gumba cha mguu akigonga nayo nyatiti huku vidole vikicheza kwenye nyuzi. Baba wadogo waliitafuta nyumba nzima. Niliwaapia kwa Biblia kwamba haiko kwetu. Kumbe niliapa uongo.

Akavua kiatu, akaivaa.

“Mama, mwanamke havai hiyo.”

“Najua. Wakoli, bonyeza.”

Pete ilimpwaya, akaibana kwa kukunja kidole. Akaanza kugonga mguu wa meza. Sikujua nimzuie au nimshike mkono. Nililia tu, maana baba alikuwa chumbani.

Wakoli aliuliza polepole, “Nirekodi na hiyo, niiweke kwenye disketi?”

“Acha,” mama akasema. “Kesho nitakuja nayo kanisani mwenyewe.”

Na benchi la mbele tumewawekea baba wadogo.