Mtoto wa Mbithe Anasema

Mbithe na mumewe Muoki ni viziwi tangu utotoni. Walikutana katika shule ya bweni ya viziwi, wakaoana, wakapanga chumba kwenye gorofa moja Kariobangi. Mume huchonga vinyago, mke hushona sare za shule. Binti yao Shirleen alipozaliwa, alipimwa masikio wakaambiwa ni mazima.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kathini, dada yake Muoki, ni mwalimu wa chekechea kule Donholm. Alijua ishara chache alizojifunza utotoni pamoja na kaka yake, na zilimtosha kumwambia Mbithe kwamba mtoto hupata lugha kwa kuiga, kama kasuku, na kwamba katika nyumba isiyo na sauti Shirleen atakuwa bubu. Akaleta televisheni, akaagiza isizimwe mchana kutwa. Mbithe alimheshimu wifi yake, akaiacha iwake. Miezi ikapita, Shirleen akizikodolea macho picha, na kinywani hakikutoka kitu.

Lakini mikono yake ilikuwa imeanza. Kwanza ilichezacheza hewani, kama watoto wengine wanavyosema ba-ba-ba. Kisha siku moja, akiwa na miezi kumi, alikunja ngumi na kuikunjua, akaikunja tena: maziwa. Mbithe alisimamisha cherehani, akampa, akalia peke yake. Kufikia mwaka na nusu mtoto alikuwa anaunganisha ishara mbili.

Jumapili moja baada ya ibada Kathini alikuja na mkoba mtupu wa kutilia nguo za mtoto. Alisema ameshazungumza na mama yao Machakos, wamekubaliana Shirleen ahamie Donholm. Muoki alitazama sakafu. Shirleen akamvuta mamake, akaelekeza dirishani, akaashiria: paka, ameenda. Kathini akasema huo ni mchezo wa mikono tu.

Mbithe alijibu polepole, ishara moja moja, ili wifi yake asikose hata moja.

"Mtoto wangu anasema. Wewe ndiye husikii."

Akatia rimoti na nyaya ndani ya ule mkoba, akamrudishia. Televisheni yenyewe akaikumbatia, akaishusha ngazi za orofa zote tatu. Muoki ndiye aliyemfungulia mlango.

Kesho yake Mbithe alihamishia cherehani chini, kando ya Raho, jirani anayekaanga bhajia. Alikuwa amewaza sana juu ya ile televisheni: ilisema siku nzima, lakini haikumjibu mtoto hata mara moja. Akamwandikia Raho kwenye daftari: "Ongea naye. Akisema kitu, mjibu." Raho hakuhitaji kuombwa mara mbili. Watoto wa ploti, yale majengo ya kupanga, nao wakaongeza salamu zao za "niaje", na kabla ya kutimiza miaka miwili na nusu, Shirleen alikuwa akibishana na wateja.

Kathini alikaa muda mrefu bila kuja. Aliporudi, alimkuta mtoto wa karibu miaka mitatu ameketi juu ya kreti la soda. Kitonga, fundi wa vyuma anayenunua bhajia pale kila jioni, alitokea na pacha wake kutoka Mwingi, sura ileile.

Shirleen akawatazama, akamwambia Raho, "Vitonga wamekuja."

Raho alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Kathini hakucheka. Aliuliza nani amemfundisha neno hilo.

"Nani angemfundisha, mwalimu?" Raho alisema. "Umewahi kusikia mtu akisema hivyo?"

Kathini akalirudia neno hilo polepole: Kitonga, Vitonga. Shirleen alikuwa ameshamgeukia mamake, akimsimulia kwa mikono, na Mbithe akafuta machozi ya kicheko kwa kipande cha kitambaa cha sare.

Baadaye Kathini aliomba tena, safari hii kwa upole, amchukue mtoto wakati wa likizo tu. Mbithe alikataa. Alimsogezea kiti, akamwambia aje yeye, Jumapili yoyote, ajifunze kuzungumza nao vizuri. Kathini alisita, akakaa. Ishara ya kwanza aliikosea mara mbili, na Shirleen akamshika vidole, akavipanga kimoja kimoja.