Mina Drabek na Mkono wa Mrushaji

Mina Drabek hakuwa mtu wa kukaa kitako. Kwenye ofisi ya gazeti la Sauti ya Orrin, mji mdogo wa jimbo la Nebraska, Marekani, uliozungukwa na mahindi kila upande, alikuwa akiandika amesimama, taipureta juu ya kabati la mafaili, mguu mmoja ukigonga sakafu. Wenzake walisema akikaa dakika tano mfululizo, basi ni mgonjwa.

Mwaka 1951 mwandishi wa michezo aliitwa jeshini, akapelekwa Korea. Mhariri, mzee Oskar Hruby, akamwita Mina kutoka ukurasa wa harusi na misiba.

"Besiboli unaijua?"

"Nimekua na kaka watano, na baba yangu alikuwa mwamuzi."

"Sijakuuliza habari za ukoo."

"Naijua, Bwana Hruby."

"Haya, shika wewe. Ila utatia saini W. Drabek. Wakijua ni mwanamke, wataanza kutafuta makosa kabla hawajasoma habari."

W ilikuwa ya Wilhelmina, jina ambalo hakuna aliyelitumia ila mama yake alipokasirika. Mina akakubali, maana miaka sita ya kueleza magauni ya maharusi ilikuwa imemkaba koo. Barua za wasomaji zikawa zinakuja zimeandikwa "Bwana Drabek mpendwa", naye anazibandika ukutani.

Timu ya mji iliitwa Korongo wa Orrin. Ilicheza katika ligi ya chini kabisa, huko ambako vijana huanza wakiota timu kubwa na wazee humalizia wakikumbuka walivyokuwa karibu nazo. Uwanja ulikuwa na jukwaa la mbao, na juu yake kibanda cha waandishi. Aliyekitawala kibanda hicho ni Harlan Pruitt, mtangazaji wa redio, mtu wa sauti nzito na tumbo la kufanana nayo. Siku ya kwanza Mina alipogonga mlango, Harlan alisimama katikati yake.

"Bi Drabek, humu tunavuta sigara, tunatukana, na mmoja wetu huvua viatu. Naihurumia pua yako."

"Pua yangu imekulia kwenye zizi la nguruwe, Harlan."

"Basi nawahurumia wenzangu." Wakacheka huko ndani, mlango ukafungwa.

Ndipo Mina akawa anafanyia kazi jukwaani, katikati ya mashabiki. Awamu ya kwanza yuko nyuma ya mdakaji, ya tatu yuko upande wa kushoto karibu na uzio, ya tano yuko kwa muuza soseji. Basi la timu nalo halikupakia wanawake, kwa hiyo kwenye mechi za ugenini alilifuata kwa Ford yake kuukuu, akila vumbi maili mia kwenda, mia kurudi. Nyumbani alikuwa akifika na kukuta hataki kulala wala kula, anataka tu mechi nyingine ianze.

Kipenzi cha mji mwaka ule kilikuwa Floyd Tunstall, mrushaji wa miaka ishirini kutoka Kansas. Alirusha mpira ukapita mbele ya wapigaji kama nyuki aliyechokozwa. Ilishajulikana kwamba mjumbe wa timu kubwa atakuja kumtazama, na wanaume pale kwa kinyozi walikwisha kumwona ndani ya jezi mpya.

Ijumaa moja ya Agosti, adhuhuri, Mina alipita kwa Arvilla, mke wa Floyd. Walikuwa wamezoeana jukwaani. Arvilla alimkatia kipande cha pai, akamimina kahawa, kisha akakaa akiuzungusha uma mkononi bila kula.

"Dada Mina, hivi mkono wa mtu unaweza kufa yeye mwenyewe akiwa hai?"

Mina aliacha kutafuna. "Mkono wa nani?"

"Asubuhi mimi ndiye ninayemfunga vifungo. Nywele nachana mimi. Jana alinyanyua kikombe, kikamponyoka. Ananiambia ninyamaze mpaka huyo mjumbe aje." Akamshika Mina mkono. "Usiseme nimekwambia. Nimesema tu kwa sababu ningepasuka."

Mina alimaliza pai amesimama. Alitoka pale akalipita gari lake mwenyewe, akatembea mpaka kwenye reli, akarudi, akaenda tena. Akiandika, kijana atakosa nafasi ambayo vijana mia wanaililia. Akinyamaza, mkono utakatikia mbele ya macho yake, naye yuko palepale na daftari. Tena hakuwa na haki ya kuandika. Arvilla alimwambia rafiki, hakuwa amemwambia gazeti.

Saa tisa alikuwa uwanjani. Kocha, Clyde Rasker, alikuwa akipanga magongo kando ya uwanja.

"Clyde, Jumapili nani atarusha?"

"Unauliza jua litachomoza wapi?"

"Wiki tatu zilizopita Floyd alirusha mipira ya kupinda, ile inayokamua kiwiko, ishirini katika mechi moja. Juzi mitatu. Akifunga kamba za viatu anatumia mkono wa kushoto. Ana nini?"

Rasker alitema mate ya tumbaku karibu kabisa na kiatu cha Mina. "Hayo mnayatoa wapi nyie wanawake wa jukwaani? Mnafuma huku mnahesabu?"

"Mimi sijui kufuma. Daktari amemwona?"

"Daktari wa nini? Sikiliza, Bi Drabek. Mkono ule bado una mechi mbili ndani yake. Mimi nahitaji moja. Baada ya hapo atakuwa shida ya watu wengine."

Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia trekta. Mina aliyaandika maneno hayo mbele ya macho yake, akamsomea.

"Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo. Andika unachotaka. Nani atakusoma, mabibi harusi?"

Floyd alikuwa akikimbia peke yake kuzunguka uwanja. Mina alimfuata kwenye uzio, wakawa wanakwenda sambamba, yeye nje, kijana ndani.

"Floyd, nataka kuandika kuhusu mkono wako. Niliyoyaona uwanjani yalinitosha kumwuliza kocha wako, naye kanijibu."

Kijana alisimama. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Mama, nakuomba. Jumapili tu. Nikitoka hapa nitapumzika."

"Ukifika huko watakupumzisha?"

Floyd alitazama mkono wake wa kulia kana kwamba ndio ulioulizwa.

"Ukiandika sitakusamehe," akasema, akaendelea kukimbia.

Mzee Hruby alisoma kurasa mbili za Mina mara mbili, akavua miwani. Ndani hamkuwa na neno la jikoni kwa Arvilla. Mlikuwa na hesabu ya mipira ya mwezi mzima, kamba za viatu, na maneno ya Rasker kama yalivyomtoka.

"Mji mzima utakuja na mawe, unajua?"

"Najua."

"Na hii W ndiyo itakayokulinda. Watamtafuta mwanaume."

Mina, aliyekuwa akizunguka meza tangu aingie, alitulia mahali pamoja kwa mara ya kwanza siku ile.

"Itoe. Andika Wilhelmina Drabek, yote. Floyd atajua ni nani wa kumchukia. Nimemwambia usoni, siwezi kumgeukia nikiwa nimejificha nyuma ya herufi."

Mzee alikuna kichwa, kisha akachukua kalamu.

Jumamosi habari ilitoka. Kabla ya mchana simu ya ofisi ilikuwa imeshika moto. Mwenye duka la nyama alimwambia Mina uso kwa uso kwamba hana nyama ya kuwauzia wachawi. Lakini simu moja ilitoka kwa mwenye timu, aliyekuwa amesoma yale maneno ya mechi mbili akiwa na mkewe mezani, na mkewe alikuwa amesukuma sahani kando. Jumapili Floyd hakurusha. Mjumbe alikuja, akala soseji mbili, akaondoka. Jumatatu kijana alipelekwa kwa daktari mjini Omaha, aliyesema kano ya kiwiko imechanika nusu. Mechi moja zaidi, na huenda asingeweza kushika hata jembe. Hata hivyo, mpira hatarusha tena kama zamani.

Rasker aliambiwa afungashe virago. Wiki iliyofuata Harlan Pruitt alimfungulia Mina mlango wa kibanda bila maneno mengi. "Kiti kile pale. Viatu tumevaa." Mina alikaa. Kufikia awamu ya tatu alikuwa ameona paa za magari, moshi na migongo ya wanaume, na hajasikia lolote. Alichukua daftari, akashuka kwa watu.

Floyd hakumsemesha tena. Mwishoni mwa Septemba yeye na mkewe walipakia vitu kwenye lori la baba yake kurudi Kansas. Mina alikwenda. Floyd alipomwona aliingia garini akafunga mlango, akatazama mbele. Arvilla alibaki barabarani na sanduku la vyombo.

"Anakula mwenyewe sasa," alisema. "Vifungo bado namsaidia."

"Arvilla, sikuandika ulichoniambia."

"Nimeisoma. Najua." Aliliweka sanduku chini. "Sijui nikushukuru au nikutemee mate. Mwaka huu usiniulize."

"Sitakuuliza."

"Mwaka kesho andika barua."

Lori liliondoka. Mina alibaki njiani akizichezesha funguo mkononi. Kule Grand Island shule ya sekondari ilikuwa na mechi ya mpira wa miguu wa Kimarekani saa nane, na hakuna aliyemtuma. Akaiwasha Ford akaenda.