Jagi la Fundi Jicho

"Unamnyima chakula, wifi, usinizungushe..."

"Anakula, nakwambia, anakula kuliko mimi na..."

"...mifupa imemtoka mpaka shingoni, halafu unaniambia anakula!"

Fundi cherehani na mke wa kaka yake walikuwa wamesimama katikati ya vitambaa, kila mmoja akikanyaga maneno ya mwenzake. Mama yake fundi, aliyekuwa anagombewa, alikaa kwenye kiti cha wateja, shuka mapajani, anaitazama cherehani utadhani ndiyo inayobwata.

Fundi walimwita Jicho. Futi aliivaa shingoni kama mkufu. Mteja akiingia alimtupia jicho mara moja tu, mkasi ukaanza kazi. Kwa jicho hilohilo alishampima wifi yake: mchoyo. Tangu mama apasuliwe tumbo na kuhamia kwa kaka, alikuwa anakonda tu. Wifi alimlisha kidogo kidogo, na kinywaji chenyewe kilikuwa cha chumvi na sukari, tena kwenye vikombe ambavyo Jicho alisema ni vya watoto wanaopika udongo. Basi kila mama alipoletwa dukani kushinda naye, Jicho alimwekea jagi zima la maji baridi, akamsimamia mpaka kitako cha jagi kionekane. Moyoni akajiona mtoto wa maana.

Ugomvi ulikatwa na nesi wa wodi aliyolazwa mama, aliyekuja kuchukua sare yake. Hata sare hakuiulizia. Aliiona midomo ya mama ilivyobabuka, akamfinya ngozi ya mkono kidogo, ngozi ikachelewa kurudi. Akauliza anakunywa nini. Jicho akalionyesha jagi kwa majivuno.

Nesi akaokota kipande cha taulo sakafuni. "Fundi, hiki kinanyonya maji kuliko kitambaa laini. Kwa nini?"

"Kina vinyuzi vilivyosimama. Vinashika."

"Utumbo mwembamba ndani uko hivyohivyo."

Akaeleza polepole. Vipo kama vidole vidogo sana, chakula kikishasagika vinakinyonya na kukipeleka kwenye damu. Maji mengi nayo hunyonywa hapohapo, yakivutwa na chumvi na sukari. Yanayobaki yanamaliziwa na utumbo mpana. Sasa mama utumbo wake mwembamba umefupishwa, na ule mpana umepumzishwa. Kila kitu kinatokea kwenye tundu la tumboni, kinaingia kwenye mfuko. Maji matupu mengi yanapita mbio, na yakitoka yanaondoka na chumvi ya mwili.

"Jagi hili ndilo linalomkausha," akasema. "Nilieleza haya siku ile anaruhusiwa. Hukunisikia?"

Jicho alikumbuka. Nesi alipofunua shuka na kutaja choo, yeye alitoka, eti simu inaita. Simu ilikuwa imezima. Alisimama kwenye korido akitaniana na mlinzi mpaka mambo ya aibu yaishe. Na tangu siku hiyo macho yake yalikuwa hayajashuka chini ya kifua cha mama.

Alitaka kuomba radhi; kilichomtoka mdomoni ni hiki: "Lakini yalikuwa yamechemshwa."

Hakuna aliyecheka. Wifi angeweza kummaliza hapohapo, na alikuwa na haki. Badala yake alifungua kikapu, akatoa kile kikombe cha kuchezea, akamshikia mama anywe funda moja, akangoja, kisha jingine. Jicho aliona afadhali angetukanwa.

Nesi akasema mama apelekwe hospitali sasa hivi, akatoka kutafuta gari.

"Kwa nini ulikuwa unayanywa, mama?" Jicho aliuliza.

"Ulikuwa unafurahi nikiyamaliza." Mama alipumua. "Nikifika nyumbani mfuko umefurika. Mwenzako anafua mashuka, hasemi."

Wifi aliinamia kikapu. Jicho akalitazama jagi, akatamani limfunike yeye mzima. Nje gari likapiga honi. Wakamsogelea mama huku na huku wamwinue, lakini yeye akawazuia kwa mkono, akaifunua shuka taratibu, mfuko ukaonekana.

"Nishonee kifuniko cha huu," akamwambia binti yake. "Cha maua. Vua hiyo futi shingoni uje unipime, usinikadirie."