Mita Mbili Juu ya Nyasi

Mkono wa kulia wa Arlis Kettner ulisukuma fimbo mbele kabla yeye mwenyewe hajatambua kwamba upepo umewanyanyua. Pua ya jairokopta ikainama, na kwa kitambo kifupi mvumo wa mapanga yanayozunguka juu ya vichwa vyao ukalegea, kama sauti ya mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Joleen Pruitt, mwalimu wake wa urubani aliyeketi ubavuni mwake, alishika fimbo ya upande wake na kuirudisha taratibu. Alizunguka juu ya mashamba ya soya, akakiteremsha chombo kwenye nyasi za kiwanja cha ndege cha Tolliver, akazima injini na kuvua helmeti.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona."

"Tangu tupande juu leo jioni, kila upepo ukitugusa, wewe unasukuma fimbo."

Arlis alijua ubaya wa kusukuma. Alikuwa amesoma kila alichoweza kusoma juu ya vyombo hivi, tena kwa kalamu mkononi. Injini ya jairokopta hukaa mgongoni mwa rubani na kazi yake ni kusukuma chombo mbele tu. Mapanga ya juu hayaendeshwi nayo. Huzungushwa na hewa inayopita kati yake, na huendelea kuzunguka maadamu yamebeba mzigo. Mtu akisukuma fimbo mbele ghafla, mzigo huyaponyoka, nayo mapanga huanza kuchoka, na yakishachoka angani hakuna wa kuyaamsha.

Lakini Arlis alikuwa amenyunyizia mahindi ya Indiana dawa kwa miaka arobaini, ndani ya ndege yenye mabawa, chini kabisa, karibu na nyaya za umeme. Katika ndege ile, pua ikinyanyuka ghafla na rubani asisukume, jioni yake watu huja na vyakula nyumbani kwa mjane. Mkono wake ulijifunza hivyo kabla nywele hazijaota mvi, na ulijifunza vizuri mno.

"Siwezi kukwambia uruke peke yako kesho," alisema Joleen. "Wala siwezi kukuzuia, Mzee Arlis. Hilo unalijua."

Alilijua. Chombo chake mwenyewe, cha manjano, cha kiti kimoja, alichokiunda ghalani kwa majira mengi ya baridi, kilikuwa chepesi kiasi kwamba sheria haikukidai leseni. Ndiyo maana alikiunda. Tangu madaktari wampasue moyo, cheti cha afya cha urubani hakikumrudia, na ndege ya mabawa hakuruhusiwa tena kuirusha peke yake. Kwa mtu aliyeishi angani, mlango uliobaki ulikuwa huu mmoja, na aliuchonga kwa mikono yake.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya kusanyiko la kila mwaka la marubani wa jairokopta, ukungu ulikuwa umelala kiwanjani hadi magotini. Chini ya paa la bati, zimamoto wa kujitolea wa mjini walikuwa wakikaanga pankeki, na foleni ilienda polepole kwa kuwa kila mtu alisimama kumsalimia kila mtu. Kati ya matela yaliyobeba vyombo watu walitembea mikono ikiwa nyuma. Katika kusanyiko hili ni mwiko kugusa mapanga ya mwenzio, hata kwa ncha ya kidole. Lakini kutazama ni bure na kuuliza ni bure, na mtu aweza kumaliza asubuhi nzima mbele ya bolti moja akaondoka ameridhika.

Harlan Stubbs alikuja na sahani yake, akavuta kiti bila kukaribishwa. Alikuwa jirani yao wa kupiga kambi kila mwaka, mtu wa tumbo na maneno.

"Rubani mkuu," alisema, "leo tunakuona hewani, au umekuja kula tu?"

"Kula kwanza."

"Mwaka juzi pedeli zilikuwa fupi. Mwaka jana rangi haikuwa imekauka. Mwaka huu tutaambiwa nini? Kiti kina ubaridi?"

Verna, mke wa Arlis, aliweka kikombe chake chini. "Shemeji, chako hakijashuka kwenye tela tangu ufike. Nacho rangi mbichi?"

Watu wa meza ya pili wakacheka. Harlan akamimina shira juu ya pankeki kwa utulivu wa mtu asiyeguswa.

"Changu kinasubiri upepo unaokifaa."

"Upepo huo unatoka wapi, Florida?"

"Arlis, mkeo ana ulimi."

"Ninaishi nao," Arlis akajibu, na hapo akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Harlan alipoondoka, Verna hakuendelea na mzaha. Alikunja leso ya karatasi, akaikunjua. "Joleen amesema nini?"

"Amesema hawezi kunizuia."

"Mimi pia siwezi. Nilikufuata ghalani na taa, nikakushikia vyuma kwenye baridi ile. Sitakukataza leo. Ila nikisimama pale pembeni usinitazamie nitabasamu."

Arlis alitaka kusema kitu cha kumtuliza, akagundua kwamba maneno yote aliyonayo ameshayatumia miaka ile ya dawa na nyaya, na kwamba hata wakati ule hayakuwa ya kweli sana.

Mkutano wa marubani ulifanyika bandani, na asiyehudhuria haruki. Mkuu wa kiwanja aliwakumbusha wazunguke kwa mkono wa kushoto, wasipite juu ya viti vya watazamaji, wasisogelee mapanga yanayozunguka hata kama ni ya ndugu. Kisha kofia zikavuliwa, wakatajwa waliofariki tangu kusanyiko lililopita. Majina hayakuwa mengi. Lilipotajwa la mwisho, Harlan, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata kanisani, alisogea kwenye bega la Arlis.

"Huyo alikuwa rubani wa ndege kubwa," alinong'ona. "Mtu wa kusafirisha abiria maisha yake yote. Alikuwa mzuri, Arlis. Mzuri kweli."

Arlis aliutazama mkono wake wa kulia.

Ukungu ulipopanda, chombo cha manjano kilisukumwa hadi mwisho wa njia ya kurukia. Arlis akafunga mikanda, akawasha injini, akanyoosha mkono juu na kuyasukuma mapanga kwa kiganja, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka yakawa mepesi kuliko kiganja na kukiacha nyuma. Akayapa upepo kidogo kidogo, chombo kikitambaa kwenye nyasi, kwa subira inayotakiwa, maana mwenye haraka hapa huvunja mapanga kabla hata ya kuondoka chini. Yakaanza kuvuma. Kivuli chake kikageuka duara jepesi juu ya nyasi. Pembeni, kwenye viti vya kukunja, watu waliacha mazungumzo. Verna alikuwa amesimama, mikono kwenye mifuko ya koti.

Hapo ndipo Arlis aliposali, kama alivyosali kabla ya kila safari tangu ujanani. Ilikuwa sala fupi ya mtu mwenye kazi. Bwana, uwatunze walio chini. Uzione nyaya nisizoziona. Uubariki mkono wangu.

Akaikatiza sala hapo. Midomo yake ilirudia neno la mwisho bila sauti, nalo halikukubali kutoka na mengine. Miaka yote hiyo alikuwa akimwomba Mungu aubariki mkono, na Mungu alikuwa ameubariki. Ulimrudisha nyumbani kila jioni akiwa mzima, mwenye harufu ya dawa. Sasa aliomba nini? Baraka ile ile, juu ya mkono ule ule, ufanye vile vile? Aliutazama ulivyoikumbatia fimbo, umetulia, hauna shaka yoyote. Yeye ndiye aliyekuwa na shaka. Alitambua kwamba tangu jana alikuwa akisali kama mtu anayepeleka barua iliyokwisha kujibiwa, akitaka muhuri tu.

Alizima injini.

Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu, kwa sababu mapanga hayasimami upesi. Ilimlazimu aketi pale, mbele ya watu wote, akisubiri yapungue, yaonekane moja moja, yasimame. Harlan alikuwa wa kwanza kufika.

"Imekufaje? Mafuta?"

"Nimeizima."

Harlan alifungua mdomo. Ulionekana mzaha umefika hadi kwenye meno. Akaufunga, akashika mkia wa chombo, wakaanza kukisukuma kurudi kambini.

Arlis alimkuta Joleen chini ya turubai lake, akila soseji kwa mkate. Nyuma yake palikuwa na chombo cha wanafunzi: fremu, kiti kimoja, magurudumu na mapanga, bila injini. Huvutwa kwa kamba nyuma ya pikapu, kikapanda kimo cha mtu na kidogo zaidi, na gari likipunguza mwendo kikashuka. Mara nyingi hukaliwa na vijana, au na watu waliokuja kujaribu mara moja tu na kupigwa picha.

"Hicho kina mtu mchana huu?" Arlis aliuliza.

Joleen alimtazama usoni, kisha akafuta vidole. "Kina wewe. Shida yangu ni dereva. Namtaka mtu wa kushika mwendo mmoja, asiyecheza na mafuta. Mimi lazima nikae nyuma nikutazame."

"Nitaendesha mimi," alisema Harlan, aliyekuwa amemfuata Arlis.

"Harlan, mwaka jana ulimvuta mtu hadi kwenye mahindi."

"Aliyapenda."

"Verna," alisema Arlis. "Aliniendeshea lori la maji na dawa miaka yote. Kwenye matope, lisimwage tone."

Verna alikuwa amesimama nyuma yao. Aliitazama pikapu, akaitazama ile kamba, akamtazama mumewe kwa muda. "Mwendo gani?" akamuuliza Joleen.

Mara ya kwanza Arlis alipopanda, upepo ulikuja kutoka upande wa ghala na kukinyanyua chombo kwa kishindo, na mkono ukasukuma. Mita mbili ni kidogo. Magurudumu yaligonga nyasi, Arlis akatingishwa hadi kwenye meno, na kwenye viti kukapigwa kicheko, kisha makofi ya kumpoza. Aliyeunda chombo chake mwenyewe, mwenye sifa katika wilaya nzima, anavutwa kwa kamba kama ng'ombe wa maonyesho. Masikio yakamwaka moto.

Joleen alishuka nyuma ya pikapu akaja. "Huko juu," alisema kwa sauti ya chini, "hapo tungekuwa tumeshakupoteza."

"Najua."

"Tena?"

"Tena."

Walienda, wakageuza, wakarudi. Alisukuma tena. Akasukuma kidogo zaidi ya ilivyopaswa, kisha kidogo tu. Kwenye viti watu walichoka kutazama, wakarudia mambo yao. Jua likashuka upande wa mapipa ya nafaka, na vyombo vingine vikaanza kupaa kwa zamu, maana jioni upepo hupoa na hewa huwa laini. Vilivuma juu yake, vyekundu na vya buluu, akavipisha bila kuvitazama. Alitazama kamba. Mwisho wa kamba palikuwa na kisogo cha Verna kwenye dirisha la pikapu, na mwendo wake, usiozidi wala kupungua, kama alivyokuwa akitembea naye kwenda kanisani.

Hakusali kwa maneno. Alipumua tu.

Upepo ulikuja. Aliuona kwanza kwenye nyasi, ukizilaza, kisha akauhisi chini ya kiti. Chombo kikapanda, pua ikainuka, na kila kitu ndani yake, miaka yote, nyaya zote, kikamwambia sukuma. Mkono ukakaza. Ukabaki umekaza hivyo hivyo bila kusukuma, kama farasi aliyeshikwa hatamu. Mapanga yakavuma juu yake kwa sauti nzito zaidi, yamebeba mzigo wao. Chombo kikatulia chenyewe, kikarudi kimo chake.

Kwa aliyeketi pembeni hakuna kilichotokea. Hakuna aliyepiga makofi.

Mwisho wa njia Verna alipunguza mwendo, na Arlis akashuka kwenye nyasi kwa ulaini uliomshangaza. Joleen aliinua kidole gumba kimoja, akakishusha. Verna akatoka garini, akaja akiifuata kamba, akiikusanya mahali ilipojikunja. Alisimama mbele yake.

"Mwendo ulikuwa sawa?"

"Sawa. Hapa mwisho labda punguza polepole zaidi."

"Haya."

Alimfungia ukanda wa helmeti uliolegea chini ya kidevu, akavuta kuhakikisha. Mkono wa Arlis ulikuwa bado juu ya fimbo, na Verna akauwekea wake kwa kitambo, bila kuushika, kama mtu anayepima joto la mkate. Kisha akarudi kwenye pikapu. Mlango ukafungwa. Mbele ya Arlis, kwenye nyasi zilizoanza kulowa, kamba ikaanza kujinyoosha.