Ghorofa Saba za Lirhanda

Kwa wiki sita Mzee Makokha, mstaafu wa reli, alikuwa akitoka kwake mtaa wa Lucky Summer na pakiti ya maziwa mkononi, akienda mpaka mtaa wa Kware kupanda ghorofa saba hadi kwa binti yake Carolyne. Maziwa yalikuwa kisingizio; alichofuata ni mazoezi ya ngazi. Miaka arobaini alikuwa akimwambia mkewe Triza kwamba kilima cha Lirhanda, ndani ya msitu wa Kakamega, kilikuwa kichuguu tu, na kwamba siku moja angepanda naye mpaka kileleni amwoneshe kwa kidole boma alikozaliwa Triza mwenyewe. Sasa kanisa lilikuwa limepanga safari ya msituni kukipanda kilima hicho, majina yao yalikuwa kwenye orodha, na kifua chake kilikuwa kimeanza kumsaliti.

Ngazi za Kware hazina huruma, na Makokha hakuwa mtu wa kusimama njiani akihema mbele za watu. Basi akavumbua njia. Ghorofa ya tatu alibisha hodi kwa Mama Habibo, akauliza watoto mmoja mmoja. Ya tano alisimama kwa Khalif, fundi wa simu.

"Leo tena, mzee?" Khalif alimchokoza. "Unajiandaa kuingia jeshi?"

"Tengeneza simu za watu. Jeshi lenyewe ndilo lililonikosa."

Salamu zikiisha, pumzi imerudi.

Siku ya safari ilipofika, Nabiswa, msichana aliyewaongoza msituni, alitazama koti la mzee na viatu vyake vya Jumapili.

"Guka, njia inateleza."

"Mjukuu wangu, huku ni ukweni. Siingii ukweni na raba."

Nusu ya njia viatu vilikuwa vimemwangusha mara mbili, na kifua kikakataa kabisa. Wenzao walipita wakiimba, wakapotelea mbele. Makokha akainua uso juu ya miti.

"Unaangalia nini, Baba Carolyne?"

"Ndege."

"Ndege gani?"

Hakuwa na pumzi ya kumtaja. Triza alimtazama kidogo, kisha akaukaribia mti mkubwa wenye mizizi kama kuta, akaugonga kwa vifundo vya vidole.

"Hodi kwa Mama Habibo. Tunapita tu kuwasalimu. Watoto hawajambo?"

Makokha aliduwaa. "Nani amekuambia?"

"Carolyne hana pa kuweka maziwa yako. Hayo unayonywea chai kila asubuhi, ulidhani nayanunua?"

"Na Mama Habibo?"

"Nilipita kwake. Anasema Kware nzima hajaona mzee mwenye adabu kama wewe, hupiti mlango bila kusalimu."

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi nacho kikapoa. Walikaa pale mpaka mti ukasalimiwa ipasavyo. Mti uliofuata Makokha aliugonga mwenyewe.

"Khalif, simu zimepona?"

Juu yao mbega waliruka, mikia myeupe ikipepea, na majani yakamwangukia begani. Triza aliyapangusa taratibu, akauacha mkono wake hapo hapo. Hivyo wakapanda, mlango kwa mlango.

Walipofika kileleni wenzao walikuwa wameshamaliza chai na wanaanza kushuka. Ukungu ulikuwa ukiinuka juu ya msitu, na ng'ambo yake vikaonekana vijumba vingi, vyote sawa. Makokha akanyoosha kidole kama alivyoahidi, lakini hakujua akielekeze wapi. Triza akakishika, akakisogeza kushoto kidogo, kupita mikaratusi, mpaka kwenye bati moja lililoshika kutu.

"Pale."

"Naona."

"Sasa sema tena ni kichuguu."

Makokha alitazama chini walikotoka, kisha bati lile.

"Ni mlima, Mama Carolyne."

Triza hakukiachilia kidole chake.