Soksi na Mkasi wa Masharubu

Mwaka 1984 nyumba yetu ya Kanoni bado ilikuwa ya kutandikwa majani sakafuni. Nilikuwa nayakata mwenyewe bondeni, nayaanika, kisha nayatandaza yote yakielekea upande mmoja, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mzee. Mgeni alivua viatu bila kuambiwa.

Mwaka huo nilikuwa nimemwoza Eugenia, binti yangu wa mwisho, na nyumba ilikuwa kimya. Sikumwambia mtu. Lakini Nyirabageni, jirani yetu aliyekuwa akichuma kahawa kwa kibarua, aliuona upweke wangu, akaniletea mtoto wa mbwa ndani ya kapu. Alisema mama yake ni mbwa wa wazungu fulani, baba hajulikani. Mbwa huyo alikuwa na manyoya marefu miguuni hata kucha hazikuonekana, nikamwita Soksi.

Soksi hakuwa na kosa ila miguu hiyo. Akitoka wakati wa mvua, alirudi na matope ya migombani na zile mbegu nyeusi zinazonasa kwenye nguo. Akipita sebuleni, majani yalishika kwenye manyoya, naye akayaburuta hadi uani. Ungedhani mtu amepitisha reki.

Mume wangu, Baba Eugenia, alikuwa mzee wa kanisa, na watu walimwita kuamua kesi za mipaka ya mashamba. Hakuamua jambo bila ushahidi. Ushahidi wa sebuleni aliutazama wiki nzima bila neno. Ijumaa akaniambia taratibu kwamba Jumapili sala ya mtaa itakuwa kwetu, na kwamba kesho jioni atakuja ndugu yake Polikarpi wa Kituntu, anayetafuta mbwa wa pili wa kumfunga shambani afukuze nyani. Akiyakuta majani salama, Polikarpi atakunywa chai aende zake. Akiyakuta yameburutwa, ataondoka na Soksi.

Mbwa wa Polikarpi nilimjua. Kamba yake ilikuwa fupi kiasi kwamba mvua ikinyesha hakuweza kujikinga, aliitazama tu.

Jumamosi asubuhi, mzee alipokwenda shambani, nikachukua mkasi. Nyumba nzima ilikuwa na mkasi mmoja, nao ulikuwa wa masharubu yake. Aliununua Bukoba kabla hatujaoana, akauweka kwenye kopo pamoja na kioo kidogo. Hata uzi wa kushonea hakuniruhusu kuukata nao. Miaka yote hiyo nilikata kwa meno.

Nyirabageni alikuja kunisaidia. Yeye alikulia kwenye ng'ombe. Alikaa mlangoni penye mwanga, akampakata Soksi, akamwimbia polepole kama anavyoimbiwa ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Mimi nikaponda ndizi mbivu, nikaipaka kwenye kifuniko cha sufuria ili Soksi alambe. Kisha nikabonyeza wayo, vidole vikaachana, nikakata manyoya ya katikati kidogo kidogo, ncha ya mkasi ikitazama nje, hadi yakawa sawa na wayo wenyewe. Mguu wa kwanza, wa pili. Nikaziona kucha zake kwa mara ya kwanza, ndogo kama punje za mtama.

Tulikuwa tumemaliza ya mbele mzee alipotokea migombani. Alikuwa amesahau tumbaku yake.

Sasa, kwetu mwanamke aliyelelewa vizuri hamsalimii mzee akiwa amekaa. Anapiga magoti na kutoa mikono yote miwili. Na Nyirabageni alilelewa vizuri sana.

"Shikamoo mzee," akasema, magoti chini, mikono yote miwili mbele, na Soksi hewani.

Soksi alitua juu ya kifuniko, akakanyaga ndizi kwa miguu ya nyuma, akaingia sebuleni. Alikizunguka kiti cha mzee mara tatu.

Mzee aliitikia marahaba kwanza, ndipo akaingia. Alimwinua Soksi kwa mikono miwili. Miguu ya nyuma ilikuwa imebeba majani kama mafagio mawili. Ya mbele haikuwa na hata jani moja. Akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akanusa ile yenye ndizi.

"Hii ya mbele haina kesi," akasema. "Kesi ni ya nyuma."

Ndipo akauona mkasi mkononi mwangu. Aliniuliza ni nani aliyenifundisha kuushika hivyo. Nikamjibu kwamba hakuna, maana sijawahi kuruhusiwa. Akauchukua, akaniambia nimpishe mwanga.

Kabla hajaugusisha mkasi kwenye mguu wa Soksi, aliufumbata kwanza mkononi ili chuma kipate joto. Alidhani sikuona.

Ndizi ilikuwa imemwagika, kwa hiyo Soksi akalamba masharubu ya mzee. Kila alipolamba, mzee alifumba macho, akangoja, kisha akaendelea kukata.

"Mwambie atulie."

"Anakuamkia, mzee," alisema Nyirabageni.

Mchana nikatandika majani upya. Jioni Polikarpi akaja na kamba mpya ya katani begani, akakaa, akapewa chai. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mzee alimpeleka Soksi uani mwenyewe, akamwacha azunguke, kisha akamwita. Soksi akapita kwenye majani, kutoka mlangoni hadi kitini, nasi watatu tukitazama miguu yake kama kwaya inavyomtazama mwalimu. Hakuna jani lililomfuata.

Polikarpi aliuliza kama basi amekuja bure.

"Kamba hiyo ni nzuri," alisema mzee. "Kaiunganishe na ile ya mbwa wako. Ni fupi mno."

Polikarpi alicheka, kisha akaona kwamba mzee hacheki. Baadaye nilisikia aliiunganisha.

Jumapili asubuhi mzee aliketi mbele ya kioo chake kidogo. Manyoya yenye matope yalikuwa yameufanya mkasi kuwa butu, ukawa unang'oa badala ya kukata. Aliingia kwenye sala masharubu ya kushoto yakiwa mafupi kuliko ya kulia. Mwinjilisti aliyatazama mara mbili, akaendelea na zaburi.

Jumatatu nikakuta mkasi umewekwa kwenye kapu langu la kushonea. Nikakata uzi.